Kijana wa Mpira Aliyekwama, Badili Kazi Uwanjani

Ukiwauliza vijana wanaocheza mpira Kiwalani, Dar es Salaam, wanacheza namba ngapi, wengi watakutajia saba, tisa, kumi au kumi na moja. Si ajabu. Hao ndio wanaoimbwa, ndio wanaotunzwa noti baada ya mechi za ndondo, na ndio video zao zinazozunguka kwenye simu za watu kuanzia Bom Bom hadi Minazi Mirefu. Makala hii inamhusu mmoja wao: kijana wa miaka 19 hadi 23 ambaye mtaani anaitwa fundi, amekwenda majaribio ya timu za ligi zaidi ya mara moja, akaambiwa asubiri simu, na simu haikupigwa. Mguu anao. Nidhamu tuseme anayo. Mkataba bado hana, na wenzake aliocheza nao timu za watoto wameanza kumpita. Ushauri wangu kwake ni kwamba aache kupeleka sokoni kitu ambacho kila klabu imeshajaza, ajijenge upya katika kazi ambayo makocha wanaihangaikia. Fundi wa namba kumi ajifunze kuwa namba sita au nane anayekaba. Winga awe beki wa pembeni. Mshambuliaji mrefu ambaye mabao yamemgomea ajaribu ubeki wa kati. Najua ushauri huu unauma kwa mtu aliyejitambua kwa chenga tangu utotoni, na ndiyo maana nataka kuutetea kwa hoja, hatua kwa hatua.

Tuanze na soko lenyewe. Kanuni za Ligi Kuu zimeiruhusu klabu kusajili hadi wachezaji 12 wa kigeni, na klabu zenye fedha hutumia sehemu kubwa ya nafasi hizo kununua mabao. Angalia wafungaji bora tangu msimu wa 2018/19. Meddie Kagere wa Simba, Mnyarwanda, alichukua misimu miwili mfululizo, kwa mabao 23 na kisha 22. Wakafuata Watanzania wawili, John Bocco 2020/21 na George Mpole wa Geita Gold 2021/22. Msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Kongo na Saidi Ntibazonkiza wa Burundi wakafungana kwa mabao 17 kila mmoja, uliofuata Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso akafunga 21, na 2024/25 Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast akamaliza kinara kwa mabao 16. Ni misimu saba, na Watanzania ni wawili. Kijana anayetoka Kiwalani na boksi la viatu vyake kwenda kuomba nafasi ya mbele hashindani na wenzake wa Vingunguti na Yombo peke yao. Anashindana na mtu aliyetafutwa Kinshasa, Kigali au Abidjan kwa fedha nyingi, na kocha aliyepewa mtu huyo analazimika kumchezesha.

Sasa angalia nyuma ya uwanja. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 dhidi ya USM Alger, ukuta wake wa kati ulitegemea Watanzania: Dickson Job aliyetoka Mtibwa Sugar, Bakari Mwamnyeto aliyetoka Coastal Union, Ibrahim Hamad "Bacca" aliyetoka KMKM ya Zanzibar. Kwa Simba, pembeni kulia na kushoto kulikaliwa kwa miaka na Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala", huyu wa pili akiwa amechukuliwa kutoka Kagera Sugar mwaka 2014 na kubaki Msimbazi kwa takriban muongo mzima. Wageni wamekuwepo nyuma pia, siwezi kulificha hilo. Katika kikosi hicho hicho cha Yanga, Djuma Shabani na Joyce Lomalisa walicheza pembeni. Lakini mlango wa nyuma haujafungwa kwa mzawa kama ule wa mbele. Na ona wanakotoka watu hao: Turiani, Tanga, Bukoba, Unguja. Walionekana kwanza kwenye timu za kawaida wakifanya kazi ya kawaida kila wiki, ndipo wakubwa wakawafuata.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Erasto Nyoni. Huyu alicheza beki ya kulia, beki ya kushoto, beki ya kati na kiungo, klabuni na Taifa Stars, na kwa sababu hiyo makocha waliokuja na kuondoka walimkuta na kumhitaji. Azam ilipoachana naye mwaka 2017 alikuwa na miaka 29, umri ambao wengi kwetu huhesabiwa wamekwisha. Simba ikamchukua, akawa sehemu ya kikosi kilichotwaa ubingwa misimu minne mfululizo, na mwaka 2019 alikuwemo katika timu ya taifa iliyorudi Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Wapo mafundi wa kizazi chake waliokuwa na miguu mizuri kuliko yeye na leo hatuwakumbuki. Novatus Dismas, kijana aliyepitia Azam na kukopeshwa Biashara United ya Mara, naye amepanda kwa njia ya namna hiyo: anaweza kiungo, anaweza beki ya kushoto, na kwa uwezo huo alipita Israel na Ubelgiji hadi mwaka 2023 akafika Shakhtar Donetsk kwa mkopo na kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Kwa anayedhani jambo hili ni la timu maskini, amtazame Oleksandr Zinchenko. Manchester City ilimnunua mwaka 2016 akiwa kiungo mshambuliaji kijana. Ikampeleka PSV ya Uholanzi kwa mkopo, huko akashindwa kupata namba ya kudumu. Aliporudi, klabu ilikuwa tayari kumwachia aende zake. Akabaki. Benjamin Mendy akaumia goti Septemba 2017, kocha Pep Guardiola akakosa beki wa kushoto, na Zinchenko, ambaye hakuwahi kuota kazi hiyo, akaichukua. Aliondoka City mwaka 2022 akiwa na medali nne za ubingwa wa England. Hata katika hoki ya barafu ya Kanada na Marekani hali ni hiyo hiyo: kila timu hupanga washambuliaji 12 katika makundi manne ya watatu watatu, na ndani ya kundi la nne utawakuta watu waliokuwa wafungaji hatari walipokuwa vijana, ambao sasa wanalipwa kukaba, kuzuia mashuti kwa miili yao na kulinda matokeo. Waliokataa kazi hiyo walirudi nyumbani.

Kwa nini kocha amthamini mtu wa namna hii? Kwa sababu kocha wa timu inayopigania kubaki daraja anaweza kufukuzwa baada ya mechi tano mbaya. Hana muda wa kumsubiri fundi ang'ae siku moja kati ya nne. Anahitaji mtu ambaye anajua atampa nini Jumamosi hata uwanja ukiwa na matope, hata mshahara ukiwa umechelewa. Katika majaribio, wakati washambuliaji 30 wanagombea kupiga chenga mbele yake, mara nyingi wanaoomba kucheza beki wa kushoto ni wawili, na mmoja wao ni wa mguu wa kulia aliyelazimishwa. Hesabu hiyo kila kijana anaweza kuifanya mwenyewe siku ya majaribio akisimama pembeni ya uwanja.

Sasa namna ya kubadilika, maana hapa ndipo wengi hukosea: hubadili namba mdomoni na kubaki na tabia za zamani. Chagua kazi iliyo jirani na kile unachokiweza. Winga anayekwenda kuwa beki wa pembeni anakwenda na vitu vikubwa viwili, mbio na ujuzi wa jinsi winga anavyofikiri. Asichokuwa nacho ni subira. Winga akipata mpira hushambulia. Beki akimkimbilia mwenye mpira ameshapitwa. Ajifunze kusimama ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, amwachie adui upande wa nje na wa mguu dhaifu, amcheleweshe mpaka wenzake warudi. Ajifunze kuangalia nyuma ya bega lake mpira ukiwa upande wa pili, kwa sababu mabao mengi ya krosi hufungwa na mtu aliyesahauliwa nguzo ya mbali, na mtu huyo ni wa kwake. Ajue umbali kati yake na beki wa kati, apande na kushuka na mstari ili asimwache adui ndani wakati wenzake wametoka. Kichwa, mipira ya kurusha, krosi akiwa anakimbia: hayo ni mazoezi ya kila siku. Na mguu wa kushoto ndio mali adimu kuliko zote. Ukuta wowote Kiwalani, mpira mmoja na nusu saa kila siku kwa mguu huo tu, kwa mwaka mzima, hubadilisha bei ya mchezaji. Kibwana Shomari alipata dakika nyingi Yanga kwa sababu, ingawa ni wa mguu wa kulia, aliweza kusimama kushoto timu ilipokwama.

Namba kumi anayerudi kuwa sita ana safari ndefu zaidi, kwa sababu kinachotakiwa kubadilika ni kichwa. Kumi huomba mpira aufanyie kitu. Sita hupokea akiwa ameshatazama nyuma yake mara mbili, anatoa kwa mguso mmoja au miwili, kisha anasogea pale ambapo timu itapigwa kama mpira ukipotea. Mechi nzuri ya namba sita mara nyingi haina tukio hata moja la kuwekwa kwenye simu. Ajifunze kuwahi mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya vichwa kugongana, na kucheza faulo ndogo mapema katikati ya uwanja badala ya faulo kubwa karibu na kumi na nane. Pumzi nayo ni lazima. Mchezaji wa kulipwa hukimbia kilomita kati ya 10 na 12 kwa mechi, na kwa beki wa pembeni na kiungo mkabaji ndani yake zimo mbio fupi za ghafla zinazorudiwa kabla hajavuta pumzi vizuri. Kukimbia taratibu alfajiri kandokando ya Barabara ya Nyerere hakutoshi. Zinahitajika mbio za mita 20 hadi 40 mara nyingi, na mapumziko mafupi katikati. Chakula hakihitaji fedha za ajabu. Maharage, dagaa, mayai na ugali wa kutosha vinajenga mwili. Chipsi kavu na soda havijengi.

Kisha ipeleke kazi hiyo mpya uwanjani mahali ambapo kosa halitakugharimu maisha. Mwombe kocha wa timu yako ya mtaani akuchezeshe beki msimu mzima wa ligi ya wilaya na kwenye ndondo. Utachekwa. Wanaokujua kama fundi watauliza umeumwa nini. Vumilia, kwa sababu mechi 20 za mchangani, na mchezaji mmoja mjanja akikusumbua kila wiki, ni darasa ambalo hakuna mazoezi ya peke yako yanayoweza kulileta. Mtafute rafiki mwenye simu nzuri akurekodi mechi nzima, tangu filimbi ya kwanza. Vipande vya sekunde 30 vyenye muziki havimwambii kocha chochote kuhusu beki. Anachotaka kuona ni unasimama wapi wakati mpira uko mbali nawe, na unarudije baada ya kupoteza.

Pingamizi la kwanza nitakalolipata ni kwamba huku ni kuua kipaji. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mpira wa Tanzania umepoteza mafundi wengi na hautakiwi kujaa watu wa kubutua tu. Lakini kipaji kisichopewa dakika hufa chenyewe. Zinchenko hakupoteza mguu wake alipoenda nyuma. Aliutumia kuanzisha mashambulizi kutoka huko. Gareth Bale aliingia Tottenham mwaka 2007 akiwa beki wa kushoto, akasogezwa mbele baada ya kuonekana, na mwaka 2013 Real Madrid ikamnunua kwa bei iliyoshangaza dunia. Kazi unayoingilia si lazima iwe ndiyo utakayostaafia. Ukishakuwa ndani, kocha anakuona kila siku. Ukiwa nje, anakuona kwa dakika 20 za majaribio.

Wengine watanitajia Mbwana Samatta. Hakubadili kazi, alibaki mshambuliaji, akafunga mabao 23 ya ligi akiwa na Genk ya Ubelgiji msimu wa 2018/19 na kufika Ligi Kuu ya England. Ni kweli, na ni fahari yetu. Ila Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992, mwaka 2011 alikuwa ameshaifungia Simba na kuondoka kwenda TP Mazembe kabla hajatimiza miaka 19. Kama wewe una miaka 18 na unafunga Ligi Kuu, funga makala hii uendelee. Mwenye miaka 22 ambaye hajapata timu anapojipima kwa Samatta anajinyima mwaka mwingine.

Pingamizi gumu zaidi ni la ujanjaujanja. Vijana wanasema nafasi zinagawiwa na watu wa katikati, kwamba asiye na mtu ndani hasajiliwi hata awe nani. Sitasema ni uongo. Upendeleo upo, na unawaumiza watoto wa maskini kuliko wengine. Hata hivyo, mtu wa katikati anaweza kukuingiza kwenye majaribio, hawezi kukulinda kwenye mechi ya tano ambapo kazi ya kocha iko hatarini. Na upendeleo una nguvu zaidi pale wanaogombea wanapofanana. Wakiwepo mawinga 15 wa kiwango kimoja, atachukuliwa mwenye mjomba. Akiwepo beki wa kushoto mmoja anayejua kazi, mjomba hana wa kumwingiza. Kubadili kazi hakuondoi dhuluma, kunaipunguzia mahali pa kukupata. Ongeza na kutoka nje ya Dar. Kila kijana wa hapa anataka Simba, Yanga, Azam au angalau KMC, ilhali timu za Championship na First League mikoani huhitaji watu kila dirisha la usajili, hasa dirisha dogo, wakati majeraha yameshaonesha mapengo. Timu za vyombo vya ulinzi na usalama kama JKT Tanzania, Tanzania Prisons na Mashujaa zinathamini sana mchezaji mwenye nidhamu ya kukaba. Kwenda Kigoma au Mbeya miaka miwili si kupotea.

Lipo pia angalizo ambalo linatoka upande wangu mwenyewe. Kiraka, yaani mchezaji wa kuziba mapengo kila mahali, asiye na namba anayoimiliki huishia benchi, akisubiri wengine waumie, na klabu ikipunguza watu anakuwa wa kwanza kuachwa. Kwa hiyo kocha akikuuliza, usiseme unacheza popote. Chukua kazi moja, uiweze mpaka mtu mwingine asikubishie, ndipo uongeze ya pili. Kapombe alianza akitumiwa katikati ya ulinzi na kwenye kiungo, akaenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, akarudi nchini kuchezea Azam na baadaye Simba. Uwezo wa kuhama ulimsaidia, lakini jina lake lilijengwa na beki ya kulia.

Kuhusu fedha na karatasi, niseme machache bila kuzunguka. Usimlipe mtu yeyote hela ya majaribio, iwe ya Chamazi au ya Uarabuni. Wakala wa kweli tangu mwaka 2023 anatakiwa awe amefaulu mtihani wa FIFA na kuwa na leseni; muulize, na jina lake linaweza kuhakikiwa. Usipunguze umri: vipimo vya mifupa ya kifundo cha mkono vinatumika kwenye mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17, na cheti kilichochezewa hukufuata kila unapotaka kuvuka mpaka. Ukipewa mkataba, usisaini siku hiyo hiyo. Nenda nao nyumbani, asome mtu anayeelewa, angalia muda, mshahara, matibabu ukiumia na masharti ya kuvunja, na uondoke na nakala yako.

Wazazi nao wana sehemu. Kijana anayejijenga upya anahitaji muda uliopimwa, na mimi ningempa misimu miwili kamili katika kazi mpya, ikiwa na malengo yanayoonekana: msimu wa kwanza awe beki wa kudumu wa timu ya wilaya, wa pili awe amesajiliwa na timu ya ligi ya mkoa au zaidi. Katika muda huo afanye kazi au asome. Vibarua vya viwandani vya upande wetu vina zamu za usiku zinazoharibu usingizi na mazoezi, hivyo familia ikiweza kumsaidia apate zamu ya mchana, au ajiandikishe fani VETA Chang'ombe, umbali wa daladala tu, atakuwa na kitu mkononi mpira ukikataa. Misimu hiyo ikiisha bila kitu, ujuzi wa kusoma mchezo alioupata nyuma ya uwanja unamfaa kuanza kozi za ukocha za ngazi ya chini au za uamuzi, na njia ya kuziulizia ni ofisi ya chama cha soka cha wilaya.